Mbwa Mwitu Niliyemsafirisha hadi Minneapolis

Wenzangu,

Tangu nirudi mmeniandama kama siafu. Fortunata anauliza kama ni kweli kule watu wanaweza kukaa mwaka mzima bila kumjua jirani, Genoveva anataka picha, na karibu nyote mnauliza swali moja: Tarsila yukoje? Picha nimetuma. Habari za Tarsila nimekuwa nikizikwepa na kusingizia mtandao. Leo nimefunga mlango, naandika kwa kufuata njia kama nilivyopita, maana nikianzia mwisho nitaogopa na kufuta. Ya viza na tiketi nayaacha.

Kwa ajili ya watoto wenu watakaowasomea (najua miwani mnaionea aibu), naeleza kidogo. Tulisoma pamoja sekondari ya masista, huku Nyanda za Juu Kusini, mwishoni mwa miaka ya sabini. Kiingereza kilikuwa sheria. Ukisikika ukisema Kiswahili au lugha ya kwenu, unavikwa kibao shingoni mpaka jioni. Zaidi ya kibao, kulikuwa na sikio. Ndivyo tulivyomwita msichana mmoja katika kila kidato aliyeteuliwa kwa siri na mkuu wa shule, aandike majina ya wakosaji na kuyapeleka kila Jumamosi. Jina lako likifika mara tatu, unarudishwa nyumbani. Tarsila alirudishwa tukiwa Kidato cha Pili, akakosa mtihani wa mwaka, na hakurudi tena. Sote tukaamua kwamba sikio ni Redempta, kwa sababu kitanda chake kilipakana na cha Tarsila. Mpaka tunamaliza shule hakuna aliyekaa naye meza moja.

Sikio nilikuwa mimi. Haya, nimeshaandika, sasa naweza kuendelea.

Iringa hadi Dar es Salaam

Mnajua nilikoitwa. Kuna chuo cha watawa mjini Saint Paul ambacho kila Juni hukusanya walimu wa historia kutoka huku na huko, na safari ile somo lilikuwa chuo kikuu kimoja cha Ulaya, cha zama za kati, kilichoongozwa na mafrateri ombaomba. Mimi nilikuwa nimeandika kijitabu cha kufundishia juu ya maisha ya vyuo vya namna hiyo, wakanitaka nikakisemee. Tarsila aliposikia kwenye kundi letu la simu, akaandika papo hapo: "Benadeta asilale hotelini wakati mimi nipo." Nyote mkamwaga makofi. Mimi nilikuwa jikoni, nikaunguza maharage.

Basi letu liliondoka alfajiri, likafika mteremko wa Kitonga na kukuta lori limelala njiani. Tulikaa pale saa tatu na ushei. Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Ilula, mtu mcheshi asiyeweza kunyamaza, akachungulia karatasi zangu.

"Mama mwalimu, hawa mafrateri walikuwa na chuo? Mimi nilidhani kazi yao kusali."

Nikamweleza kwamba walisali kweli, lakini waliopelekwa chuoni waliruhusiwa kukosa baadhi ya sala ili wasome. Kila jimbo la shirika lao lilichagua vijana wawili watatu wenye akili, likawatuma. Walikwenda kwa miguu, majuma kadhaa, na vitabu mgongoni. Wakifika, kengele inawaamsha, kengele inawaingiza darasani. Mwalimu anaweka swali, mwanafunzi anasimama kulijibu, na wenzake wote kazi yao ni kumpinga mpaka aloe jasho.

"Kwa lugha gani?"

"Kilatini. Kilatini tu, hata kuomba chumvi."

"Na aliyesahau akasema cha kwao?"

Hapo ndipo kilipo kijitabu changu. Katika vyuo vya zama zile walikuwapo wanafunzi waliopewa kazi ya kuwasikiliza wenzao kwa siri na kupeleka majina ya waliosema lugha ya nyumbani. Waliitwa lupi, yaani mbwa mwitu. Nilimweleza hayo yule bwana kwa sauti ya darasani, safi kabisa, kana kwamba ni habari za watu wengine tu.

"Duh," akasema. "Huyo mbwa mwitu akigundulika, si wanamla yeye?"

Akanimenyea yai la kuchemsha. Nililipokea, nikalishika mkononi hadi Mikumi.

Angani

Amsterdam ndege ilichelewa kwa sababu ya radi. Tuliambiwa saa moja, zikawa tano. Nilinunua mkate wenye jibini nene, nikaula nusu tu. Aliyenionea huruma ni nesi mmoja Mkenya aliyekuwa anarudi kazini Minneapolis. Alinitafutia chai ya maziwa, jambo ambalo sikujua linawezekana pale.

"Mum, mbona uko na stress hivyo?" akaniuliza. "Ni first time?"

"Ya kwanza."

"Wala usijali. Wale ma-officer watakuuliza tu maswali mbili tatu. Sema umekuja conference, basi. Usianze kuwa-explainia story mob."

Ushauri mzuri, nisiwape hadithi nyingi. Nilikariri sentensi hiyo moja kwa saa tisa za angani. Lakini kila nikifumba macho namwona Tarsila mlangoni, mwenye miaka kumi na mitano, sweta la kijani, sanduku la bati kichwani. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekwenda kunipokea na kunipa kitanda chake. Mara mbili nilifikiri nikifika nimwambie nimepata malaria nilale hotelini.

Uwanjani Minneapolis, kwenye dirisha la uhamiaji, afisa aliniuliza, "Umekuja kufanya nini?" Sentensi yote ikayeyuka. Nikasikia mdomo wangu unasema kwa Kiingereza: "Nimekuja kuzungumza juu ya mbwa mwitu."

Yule kijana uso ukamng'aa. "Mbwa mwitu! Basi umepotea kidogo, mama. Mjini hawapo. Inabidi uende kaskazini, saa nne tano kwa gari, karibu na Kanada. Baba yangu amewahi kuwaona."

Mimi nikadhani ananikatalia kuingia mpaka niende kaskazini. Nikaanza kumwambia kwamba mbwa mwitu wangu ni wanafunzi, kwamba hawana mkia, kwamba walikuwa na mafrateri. Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Mwisho akauliza polepole, "Mama, wewe ni mwalimu?" Nikaitikia. Akagonga muhuri, akaniambia nipumzike vizuri.

Columbia Heights

Sikumtambua. Nilikuwa natafuta msichana mwembamba, akanikumbatia mama mnene mwenye nywele fupi za mvi na jaketi la kazini. Alilia palepale uwanjani. Mimi sikulia, nilikuwa nimekauka kwa hofu.

"Benadeta! Hujabadilika hata kidogo, mwongo wee!"

Hiyo "mwongo wee" ni utani wake wa zamani, mnaukumbuka, kila mtu kwake alikuwa mwongo. Lakini mimi niliinama, nikajifanya natafuta mkanda wa begi.

Tarsila anakaa Columbia Heights, kaskazini kidogo ya jiji, nyumba ya ghorofa tatu ya matofali, yeye amepanga vyumba viwili. Alikwenda huko na mumewe walipobahatika katika bahati nasibu ya viza. Mume alifariki, watoto wameoa na kuolewa majimbo mengine. Anafanya kazi Plymouth, kiwandani, kupakia mirija ya hospitali kwenye maboksi, anaondoka kabla jua halijachomoza. Alinipikia ugali wa unga mweupe anaoununua duka la Wamexico, na kisamvu cha barafu ambacho aliniomba radhi kwa ajili yake mara nne. Kilikuwa kitamu, ila nilikuwa nakizungusha tu sahanini.

Tukiwa mezani akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Unajua nani yuko hapa? Redempta."

Nilirudisha tonge sahanini.

"Redempta yupi?"

"Redempta wangapi unawajua? Redempta sikio. Anakaa Richfield, kule karibu na uwanja wa ndege. Anatunza wazee. Tuna misa ya Kiswahili mara moja kwa mwezi, tunaonana. Miaka kumi na moja."

"Mnasalimiana?"

"Nimsalimie kwa lipi? Yeye anakaa upande wa Bikira Maria, mimi nakaa upande wa Yosefu. Mwaka juzi aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, jumuiya nzima ikampelekea chakula. Padre akanipigia simu mwenyewe. Nikamwambia, Padre, niko shift." Akaninyooshea bakuli. "Kula, mwenzangu. Mbona unachezea chakula?"

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Nilikuwa na miaka thelathini na minane ya kujiandaa, na mbele yangu alikaa mtu aliyekuwa anamchukia asiyehusika, tena kwa sababu yangu. Nikasema kisamvu kina chumvi nzuri.

Saint Paul

Asubuhi zote nilikwenda chuoni kwa basi, kisha treni ya mjini inayokatiza mto Mississippi. Siku ya kwanza basi lilinipita. Nilipunga mkono likapita ng'ambo ya barabara, nikapunga la pili nalo likapita. Mama mmoja Mkongomani, aliyevaa kitenge na viatu vya kazi, akavuka barabara akanishika bega.

"Mama, weko unangoya upande mubaya. Huku gari zinaendaka ku droite. Hii inarudi nyumbani. Kuya ku ingine upande."

Kwetu magari hupita kushoto, kumbe huko ni kulia. Nikavuka naye. Akaniuliza ninakokwenda, nikamwambia chuo cha watawa. Akanitazama vizuri.

"Weko sista?"

"Hapana, mwalimu."

"Aah, bon. Nilionaka sura yako, nikawaza huyu mama iko naenda kuungama."

Alicheka, nami nikacheka, na kicheko changu kilikuwa cha uongo mtupu. Kwa siku tano aliningojea kituoni, na sikuwahi kumuuliza jina kwa kuogopa ataniuliza langu na mengine.

Chuoni tulikuwa walimu kumi na wanane. Aliyetufundisha ni frateri mzee, mrefu, mwenye kobazi na soksi nene za kijivu, mtu anayenong'ona hata anapofurahi. Alituvuta ndani ya chuo kile cha kale mpaka nikasahau hofu kwa saa nzima nzima. Alituonyesha jinsi mwanafunzi alivyokabidhiwa vitabu na shirika avitumie maisha yake yote, akifa vinarudi. Jinsi waliokaa mbele walivyokuwa walimu wageni na waliokaa nyuma walivyokuwa watoto wa miaka kumi na sita wanaosinzia. Jinsi mji uliozunguka chuo ulivyowapenda mafrateri walipohubiri na kuwachukia walipoongezeka, kwa kuwa walimu wengine waliona hawa ombaomba wanawanyang'anya wanafunzi. Siku ya tatu akaeleza habari ya mkutano wa makosa. Kila mara mafrateri walikusanyika, kila mmoja akapiga magoti na kujishtaki mwenyewe mbele ya wote: nilichelewa, nilivunja kikombe, nilisema wakati wa kimya. Baada ya kujishtaki ndipo mwenzako aliruhusiwa kukushtaki kwa ulichokisahau.

"Mpangilio huo ni wa huruma," akasema. "Unapewa nafasi ya kutangulia."

Niliandika maneno hayo daftarini, kisha nikayafuta kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Mchana tulipewa supu nyeupe yenye punje ndefu nyeusi. Nikadhani ni uchafu wa panya, nikaanza kuzitoa moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Mwalimu jirani yangu, mwenyeji wa jimbo lile, akanieleza kwa upole kwamba ule ni mchele wa porini, unaota majini kwenye maziwa ya kaskazini, na ndio fahari yao. Nikazirudisha zote kwenye supu huku ananitazama. Mchele wenyewe mtamu, una ladha ya moshi.

Ukumbini

Ijumaa ilikuwa siku yangu, na milango ilikuwa wazi kwa wageni. Tarsila aliomba ruhusa kazini. Alivaa gauni la kitenge, akakaa mstari wa pili, akaninyooshea dole gumba.

Frateri alikuwa amepanga tufanye kama chuo chenyewe cha zamani: mimi nasimama na hoja yangu, ukumbi unanipinga. Nikaeleza habari za mbwa mwitu. Nikasema hofu ya kushtakiwa ilijenga Kilatini kizuri na urafiki mbovu. Nikasema mkuu wa nyumba alihitaji majina, na kama wiki imepita bila jina, mbwa mwitu mwenyewe alitiliwa shaka. Hilo la mwisho sikulipata kitabuni. Ndivyo ilivyokuwa kwangu: Sista mkuu wa shule aliniambia Jumamosi isiyo na jina, kibao nitavaa mimi.

Frateri akanyanyua mkono. "Mwalimu, huyo mbwa mwitu. Unadhani naye aliogopa?"

Nikajibu, "Vyanzo havisemi."

Frateri akasema, "Interesting," kisha akaandika kitu. Tarsila alikuwa ameshaniambia nyumbani kwamba watu wa Minnesota wakisema "interesting" ujue wamekataa kwa adabu.

Halafu nikaona mkono mwingine juu, mstari wa pili.

Tarsila aliinuka. Kiingereza chake sasa ni kizuri kuliko cha masista wote waliotufundisha. Akauambia ukumbi kwamba hana elimu ya chuo, lakini mbwa mwitu anawajua. Akaeleza kibao. Akaeleza alivyokuwa amepiga magoti nyuma ya kanisa la shule, mama yake mgonjwa nyumbani, anamwomba Bikira Maria kwa Kihehe, kwa kuwa hakujua kuomba jambo kubwa namna ile kwa Kiingereza. Mtu akasikia, akaandika jina. Ilikuwa mara ya tatu.

"Wetu hakuwa wa kitabuni," akasema. "Namjua kwa jina. Yuko hapa hapa, tunasali kanisa moja."

Watu wakageuka kumtazama kwa huruma. Wazee wawili walikuwa wanafuta macho. Kisha wote wakageuka kunitazama mimi, wakingoja mwalimu aseme neno. Nikakusanya karatasi zangu, nikazinyoosha kingo, nikasema, "Asante kwa mchango huo."

Wenzangu, nimefanya mabaya mengine maishani kama kila mtu. Hilo la kusema "asante kwa mchango huo" linanitesa kuliko jina nililoliandika nikiwa mtoto.

Richfield

Tarsila alikuwa na furaha garini. Alikuwa anaongea haraka, amelegeza mkanda, anasema miaka yote hiyo hajawahi kulisema lile jambo mbele za watu.

"Ila wewe umemjibu vibaya yule frateri," akasema. "Vyanzo havisemi! Si ungemwambia habari za Redempta? Mimi nimelazimika ku-raise hand mwenyewe."

"Tarsila, egesha gari."

"Unaumwa?"

"Egesha."

Akaingia kituo cha mafuta, akasimama pembeni ya mashine ya kujaza upepo. Nikasema. Sikusema vizuri. Nilianza na Sista, nikaja na kibao, nikaeleza Jumamosi, mpaka nikajiona natafuta pa kujificha, ndipo nikasema kwa kifupi: "Aliyeandika jina lako ni mimi. Mara zote tatu. Redempta hakuandika hata moja."

Hakupiga kelele. Alitazama mbele, ambapo mtu alikuwa anasafisha kioo cha gari lake.

"Uliniona nikisali?"

"Nilikuona."

"Ulisikia nilichokuwa nasema?"

Wenzangu, ningeweza kusema sikusikia. Kwetu ni Wahehe, yeye anajua. "Nilisikia. Ulikuwa unasema mama asife kabla ya likizo."

"Ukaenda kuandika."

"Nikaenda kuandika."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Kisha akavuta mkanda, akaufunga, akawasha gari. Nilitegemea tutashika njia ya nyumbani. Badala yake akaingia barabara kubwa ya kusini, na kwa dakika ishirini nilisikia kiashiria cha gari tu. Nilitamani anitukane.

Nyumba ya Redempta ni ndogo, ya ghorofa moja, ndege zinapita juu yake chini chini mpaka unaona magurudumu. Tarsila alipiga kengele. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwenye unga mikononi. Redempta amekonda, ila macho ni yale yale. Alimtazama Tarsila, rangi ikamtoka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," akasema Tarsila.

"Basi mbona umekuja?"

Tarsila akasogea pembeni, ndipo Redempta akaniona mimi nyuma yake. Alinitambua upesi kuliko nilivyotambuliwa na mtu yeyote safari ile. Akasema, "Benadeta. Karibuni. Karibuni ndani, chakula kiko tayari." Kwetu mtu akiwa na sufuria jikoni hasikilizi habari kabla wageni hawajala, na Redempta hajaiacha adabu hiyo. Tukala ugali na sato na mchicha, sisi watatu. Mumewe alikuwa kazini. Tarsila alikula kidogo, mimi nilikuwa naumba matonge na kuyaweka. Kila ndege ikipita, glasi zilitetemeka, nami nikashukuru kupata kisingizio cha kungoja.

Redempta alipotoa sahani nikasema. Safari hii nilianza na jambo lenyewe.

Alisimama na beseni la kunawia mkononi. Akaliweka mezani polepole.

"Wewe?"

"Mimi."

"Si mimi?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Redempta, wewe unajua si wewe."

"Nitajuaje?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. "Mimi huongea usingizini. Tangu mtoto. Na Sista alikuwa anapita usiku na taa. Siku ya kwanza mliponiambia ni mimi, nilikataa, nililia. Lakini mlikuwa thelathini na sita, mmekubaliana wote. Nikawaza, haiwezekani wote wakosee. Labda nilimsikia Tarsila akisali, halafu nikamtaja usingizini." Akakaa. "Kila Kwaresma nimeungama. Kila Kwaresma. Nilipoolewa, jambo la kwanza kumwomba mume wangu ni hilo: ukinisikia naongea nimelala, niamshe kabla sijamaliza jina la mtu."

Nilitaka kupiga magoti, nikaona hata hilo litakuwa la kujipendezesha, nikabaki kwenye kiti.

Tarsila akainuka. Akachukua jagi, akamsogelea Redempta, akamwinamia na kuanza kummiminia maji mikononi, mikono aliyokwisha kuinawa. Redempta akaikinga, akamwacha. Maji yalijaa beseni, yakamwagika mezani, na bado anamimina.

Kurudi

Siku ya kuondoka walinisindikiza wote wawili. Redempta alikaa mbele, mimi nyuma na mabegi. Njia nzima waliongea wao, habari za misa ijayo na nani ataleta pilau. Walikuwa wanaongea kwa tahadhari, kama watu wanaobeba meza pamoja kupita mlangoni, lakini waliongea.

Tarsila aliniteremshia begi mwenyewe. Akalisimamisha, akavuta mpini wa begi juu.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Sijui lini. Usiniulize."

"Sitauliza."

"Na ukifika usiniandikie mimi. Mimi umeshaniambia. Waandikie wale wengine."

Niliingia ndani bila kugeuka. Amsterdam hapakuwa na radi, Dar hapakuwa na foleni, Kitonga hapakuwa na lori. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani safari ichelewe. Nilifika Iringa Jumanne, na leo ni wiki ya tatu ninawatumia picha za maziwa na madaraja.

Basi ndiyo haya. Tulikuwa thelathini na sita tuliokubaliana, nami nilikubaliana nanyi kwa sauti kubwa kuliko wote. Mkitaka kunitoa kwenye kundi, nitoeni. Ila kabla ya hapo kila mmoja amweleze mwanawe, na mumewe aliyehadithiwa, na yeyote aliyewahi kusikia kwetu habari za sikio la Kidato cha Pili: Redempta alikuwa amelala tu.